Waliotembea na Waliobebwa

Kila mtu uliyemuua kwenye gemu, kontrola ilikumbuka kidole kilichomuua. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na mimi niliamini kama ninavyoamini kwamba Garissa kuna joto. Serikali, ilisemekana, imeweka kitu chini ya vile vitufe, kitu chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nacho kinanyonya alama za vidole na kuziweka kwenye memori kadi pamoja na idadi ya marehemu wako. Halafu siku unapokwenda kuchukua kitambulisho, karani anakupaka wino, anakandamiza vidole vyako kwenye karatasi, na kule Nairobi kengele inalia. Ukitaka ushahidi, ulikuwepo. Kwa nini wanachukua vidole vyote kumi, wakati kimoja kinatosha kumtambua mtu? Kwa sababu kontrola inashikwa na vyote kumi. Hakuna mtu aliyewahi kunijibu hapo. Na mwaka huo mimi nilikuwa nimeua, kwa makadirio ya chini, watu wa kujaza Kaunti ya Wajir mara mbili, na wengine wakabaki wamesimama nje ya mpaka kwa kukosa nafasi.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Eddo Sahara alifariki, nami nikafunga kibanda changu cha ufundi wa umeme Isiolo nikaja Garissa kuhani. Eddo ni shangazi kwa Kisomali, ingawa huyu hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa shangazi wa kila mtu aliyewahi kunywa chai yake, na hao nadhani ni nusu ya Kenya. Nilikuta ameshazikwa. Chini ya turubai walikuwa wamekaa wanaume wa rika langu, wenye vitambi na miwani, ambao nilipowaacha walikuwa wakinyang'anyana kontrola. Mtu akifika pale anasoma Fatiha, anapewa kikombe, anaulizwa kama mvua imenyesha kwao, halafu anaachiwa kimya chake. Katika kimya hicho kile chumba cha gemu nyuma ya mkahawa wa Eddo kilinirudia chote, na nilishindwa kukaa. Nilinyanyuka kunawa mikono mara nne kama mtu aliyekula ngamia mzima peke yake, kumbe nilikuwa nimekula tende mbili.

Mbele kulikuwa na mkahawa: benchi sita, jiko la makaa ambalo sikuwahi kuliona limezimwa, na thermosi za chai zimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule. Asubuhi kulikuwa na anjera, ile chapati laini ya kumimina, iliyopakwa samli na sukari, mchana wali na nyama ya mbuzi, na wakati wowote ule chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Nyuma ya pazia la maua mekundu ndipo palipokuwa chumba cha gemu, mabati matupu yaliyobandikwa makaratasi ya maboksi ndani ili tusichomeke, runinga tatu zenye visogo vikubwa, blanketi dirishani, na feni ambayo kazi yake ilikuwa kuchukua joto la pembe moja na kulipeleka pembe nyingine. Viatu vilibaki nje. Kilichopendeza ni kwamba pazia halikuzuia sauti. Sisi tulisikia wazee wakigombana kuhusu malisho, na wazee walitusikia tukiua. Mzee Hirsi, aliyekuwa na kiti chake karibu na pazia na fimbo yake ukutani, alikuwa akifuatilia kama mtu anayesikiliza mpira redioni. "Amekufa?" angeuliza. "Bado, Adeer," tungemjibu, maana ndivyo tunavyomwita ami, na mzee yeyote ni ami. Risasi mbili zaidi. "Sasa?" "Sasa amekufa." "Haye," angesema, na kurudi kwenye malisho yake.

Mwaka ule nilikuwa mtu wa kusimama na kukaa, kukaa na kusimama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ufundi Thika kusomea umeme. Barua ilikuja na muhuri wa bluu, ikasema masomo yanaanza Septemba na kila mwanafunzi afike na kitambulisho cha taifa. Msomaji wa Nakuru au Kisumu ataona hilo ni jambo la kupanga foleni. Kwetu unahojiwa kwanza na kamati ya wazee, useme wewe ni nani, umezaliwa wapi, nani anakujua, na kamati ilikaa ilipotaka kukaa. Bila kitambulisho cha kuwaonyesha askari wa kizuizi, daraja la mto Tana lilikuwa mwisho wa dunia: unaliona, unaona malori yakivuka, na wewe unarudi nyumbani kula anjera. Niliusoma ule muhuri wa bluu mpaka ukafifia. Nilitembea kutoka sokoni hadi darajani na kurudi hadi viatu vikaniomba radhi. Mahali pekee miguu yangu ilipotulia ni pale nyuma ya pazia, nikiwa na kontrola mkononi, nikicheza ule mchezo tulioita Wa Kuua.

Kulikuwa na Wa Mpira na Wa Magari pia, lakini hiyo ilikuwa ya watu wenye subira. Wa Kuua ulikuwa na mwanamume mmoja mnene katika mji wa Wazungu, anayeiba gari, anakanyaga watu, anashuka, anapiga risasi waliobaki. Ganda la diski yake lilikuwa na kiboksi chenye namba kumi na nane. Sisi tulidhani ni sehemu ya kumi na nane, na rafiki yangu Bile alizunguka maduka yote ya mjini akitafuta sehemu ya kumi na saba ili tujue huyu mtu alianza kukasirika wapi. Bile ndiye niliyekuwa naye tangu darasa la kwanza. Tulikaa dawati moja, tulipigwa na walimu wale wale, na alikuwa bora kuliko mimi kwa kila kitu, pamoja na kuua.

Kisha ikawa siku moja adhuhuri, Bile amefungua sauti mpaka mabati yanatetemeka, risasi zinamiminika, na siku hizo mjini kwetu mlio wa risasi haukuwa mchezo. Pazia likafunguka, wakaingia maafisa watatu wameinama, bunduki mbele. "Mikono juu." Tukainua mikono, kontrola zikiwa bado zimo mikononi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwongoza, yule mnene kwenye runinga akasimama katikati ya barabara akaanza kupigwa. Afisa mmoja, mtu wa bara mwenye jasho mpaka kwenye nyusi, alitutazama, akaitazama runinga, akatutazama tena. "Na huyo mnamwacha afe?" akauliza. Tulicheka siku tatu. Eddo hakucheka. Alikuwa ameona kidole cha afisa wa nyuma kilipokuwa kimekaa.

Siku ya pili chifu akaita baraza. Alikuja na ganda la Wa Kuua, akaligonga kwa kalamu. "Hata yule Mzungu aliyetengeneza hii kitu ameogopa," akasema. "Ameandika mwenyewe, kumi na nane. Aliye chini ya miaka hiyo asiguse. Mzungu anaogopa, nyinyi hamuogopi?" Mwalimu wa duksi, yaani madrasa yetu, alitaka gemu zote zipigwe marufuku, na Wa Mpira uwe wa kwanza, kwa sababu huo ndio uliommalizia wanafunzi wake. Kina mama wakapiga makofi. Mwishowe ikaamuliwa: Wa Kuua ni marufuku kwa walio chini ya miaka kumi na minane, na akikutwa mtoto hata mmoja, mkahawa wote unafungwa, chai na kila kitu. Eddo akasimama na shungi lake la kijani. "Chifu, nitajuaje umri wao?" "Waulize kitambulisho." Baraza zima lilicheka hapo, hata wale kina mama, mpaka chifu mwenyewe akafunika mdomo kwa ganda. Palikuwa na wanaume wenye wajukuu pale ambao bado walikuwa wakingoja kitambulisho. Na waliokuwa nacho, robo tatu walizaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu karani alichoka kuuliza.

Aliyetatua jambo hilo ni Mzee Hirsi, maana alikuwa mmoja wa wazee wa kamati. "Sisi hatuulizi mwaka," alimwambia Eddo. "Mwaka ni ya karatasi. Tunauliza mfua." Basi kesho yake akahamisha kiti chake, akakaa mlangoni pa pazia, chai bure, na akawa yeye ndiye kile kiboksi cha kumi na nane. Alikuwa na swali moja tu. Mvua ya El Nino, ile iliyomeza barabara na kuua mifugo, ulitembea au ulibebwa? Aliyetembea kwa miguu yake katika maji yale ni mtu mzima, aingie. Aliyebebwa mgongoni mwa mama ni mtoto, akacheze Wa Mpira.

"Nilitembea, Adeer," nikasema zamu yangu ilipofika. Ukweli ni kwamba sikumbuki hata tone.

"Ulitembea wapi?"

"Kutoka Bura mpaka barabara kubwa. Maji yalifika hapa." Nikagusa shingo.

"Mkononi ulikuwa na nini?"

"Mbuzi wawili."

"Mtoto ya miaka nne, maji ya shingo, mbuzi mbili."

"Walikuwa wadogo, Adeer."

Akanitazama muda mrefu, huku wenzangu wakiuma mashati yao. "Ingia," akasema. "Hii ni muongo, lakini ni muongo ya mtu mkubwa."

Bile alikuwa nyuma yangu. Bile, mjinga wa watu, akasema ukweli. "Mimi nilikuwa juu ya ngamia, Adeer. Nakumbuka vizuri. Nilishika nundu, na chini maji yalikuwa mekundu."

Mzee Hirsi akafumba macho kama anayesikiliza kesi kubwa. "Ngamia alitembea?"

"Alitembea."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa juu."

"Basi ulibebwa. Kaa nje."

"Adeer, wallahi mimi ni mkubwa kwa huyu kwa miezi sita. Uliza mtu yeyote hapa."

"Sitauliza mtu. Nimeshauliza ngamia."

Ningeweza kusema neno. Nilijua kwamba ni kweli, Bile ni mkubwa kwangu, na aliyekumbuka rangi ya maji hawezi kuwa alikuwa mtoto mchanga. Lakini runinga ya katikati ilikuwa wazi, na ile ndiyo ilikuwa na kontrola isiyoganda. Nikaingia. Nilisikia watu wakicheka nyuma yangu, nikasikia ndoo ikipinduliwa chini, na kwa wiki mbili zilizofuata Bile alikaa juu ya ndoo hiyo nje ya chumba, akisikiliza pamoja na wazee. Alikuwa mchangamfu. Kila nikitoka ananiuliza, "Manze, leo umemaliza wangapi?" na mimi namjibu, nikiongeza sifuri.

Ni yeye aliyeniletea ile habari ya kontrola, tena kwa huruma kubwa. Alinivuta mpaka nyuma ya tangi la maji. "Sikutaka kukuambia," akasema. "Lakini wewe ni ndugu yangu. Binamu yangu kule Eastleigh amenipigia." Akanieleza yote, ngozi ya kitunguu, memori kadi, kengele ya Nairobi. "Nionyeshe vidole." Nikamwonyesha. Akashika gumba langu la kulia, akaligeuza juani. "Cheki hapo. Imeng'aa. Hii imeshasomwa." Na kweli lilikuwa limeng'aa. Kamati ilikuwa inakaa Jumatatu iliyofuata. Mama yangu alikuwa amekwisha tayarisha picha zangu na barua ya shule ndani ya bahasha ya kaki. Siku tatu sikula. Kwangu mimi siku tatu bila kula ni sawa na ukame wa miaka mitano.

Nikaona nimuulize mtu anayejua sheria. Nilimpata Mzee Hirsi asubuhi peke yake, kikombe cha kwanza mkononi. Kwetu mtu akiua, ukoo wake wote unalipa mag, fidia ya damu, ngamia kwa ngamia mpaka zizi linabaki na kwato tu, na wazee kama yeye ndio wanaopanga nani atoe nini. Sikuona pa kuanzia isipokuwa hapo.

"Adeer, mtu akiua mtu asiye na ukoo, mag anapewa nani?"

"Mtu gani hana ukoo?"

"Mgeni, kwa mfano. Mzungu."

Kikombe kikabaki hewani. "Umeua Mzungu."

"Si mmoja, Adeer."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu. Wengine niliwakanyaga tu kwa gari."

"Gari ya nani?"

"Ya kuiba."

Akaweka kikombe chini polepole sana, kama kwamba meza ni mgonjwa. Mkono wake ukaanza kuitafuta fimbo. "Nani anajua?"

"Bado hakuna. Lakini Jumatatu wakichukua vidole vyangu watajua."

Nimewahi kuonwa na wazee kwa macho ya hasira, ya kuchoka, ya kukata tamaa. Siku ile alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kabla na sijayaona tena, ya mtu anayehesabu kichwani wajukuu wa ukoo mzima. "Enda nyumbani," akasema. "Usiambie mtu. Hata mama yako usiambie. Na Jumatatu nisikuone kwa kamati." Mjumbe wa kamati mwenyewe ameniambia nisionekane. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kabla ya Ijumaa nilikuwa Bura.

Bura nilikaa dukani kwa ndugu wa mbali, nikipima sukari nikiwa nimevaa soksi mikononi, nikisema nina upele. Wiki ya pili likabandikwa tangazo mlangoni: maafisa wa vitambulisho watafika Bura wiki ijayo, wananchi wote wajitokeze. Nikapanda lori la mbuzi, nikapita Garissa nimejifunga kilemba mpaka puani, mbuzi mmoja akinisimamia kifuani, nikashuka Modogashe. Modogashe ni njia panda, malori yanakuja, madereva wanakula, wanaondoka, na nilifikiri hapo hakuna mtu wa kuniuliza jina. Nikaosha vyombo hotelini siku tisa. Siku ya kumi, mwenye kipaza sauti akapita juu ya pikipiki: maafisa wa vitambulisho wako njiani. Niliamini kabisa, na sitanii, kwamba serikali imetenga gari maalum la kunifuata na chupa ya wino. Ndivyo nilivyofika Hadado, na pale hakukuwa na pa kukimbilia isipokuwa nyuma ya ngamia. Nikawa mchota maji wa kisima. Nikawa natazama kila vumbi linalotoka barabarani.

Kuna kitu kimoja cha safari ile ambacho sikiongezi chumvi. Katika kisima kimoja ambacho sitakitaja, vijana wawili waligombana kuhusu zamu ya kunywesha, na mmoja akampiga mwenzake risasi. Nilikuwa mbali kidogo. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, mkavu, haukufanana hata kidogo na ule uliokuwa ukitikisa mabati ya Eddo. Watu hawakukimbilia kutazama. Walikimbia kuwahesabu watoto wao. Baadaye nilipita mahali alipolazwa, amefunikwa shuka, na mama yake alikuwa amekaa kando akikunja kikoi cha mwanawe. Anakikunja, anakikunjua, anakikunja upya, pembe zisipokutana sawasawa anaanza tena. Kwa miezi sita nilikuwa nimeua watu kutwa kucha, na hakuna hata mmoja niliyemwona mama yake. Hiyo ndiyo hoja pekee ninayoijua mimi kuhusu namba ya kumi na nane. Siku hizi mwanangu ana simu, na kabla ya kufungua gemu simu inamuuliza amezaliwa mwaka gani. Yeye anateremsha orodha mpaka chini kabisa, na kwa hiyo kijana wa miaka kumi na mmoja ananizidi mimi na babu yangu kwa umri. Simu inasema karibu. Simu haimuulizi alitembea au alibebwa. Mara nyingine nakaa mlangoni pake na kikombe changu na kumuuliza, "Amekufa?" Ananiambia nimsumbue mtu mwingine.

Eddo alinipata kwa simu ya mwenye duka la Hadado, ambayo ilishika mtandao ukipanda juu ya tangi. Mzee Hirsi alikuwa ameshindwa kulala mwezi mzima, mwishowe akamwendea na kumuuliza kwa siri ni Wazungu gani waliokufa Garissa mwaka huu. "Nilicheka mpaka nikakaa kwa makaa," Eddo akaniambia. "Rudi nyumbani, wewe mwuaji." Nikarudi. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kukaa na kuondoka, na ilikaa tena baada ya mwaka karibu mzima. Septemba ikapita nikiwa darajani nikitazama malori. Barua ya pili kutoka Thika haikuwa na muhuri wa bluu, ilikuwa mistari miwili: nafasi imepewa mwingine. Umeme huo huo nilikuja kuusomea Isiolo, madarasa ya jioni, baada ya kubeba mizigo mchana kutwa, miaka saba kwa kozi ya miaka miwili, nikiwa mwanafunzi mwenye mvi nyingi kuliko mkuu wa chuo. Siku ya kuhitimu joho lilinibana kwapani. Sijuti, lakini pia sitasema sikuumia, maana miaka mitano ya mwanzo nikisikia neno Thika nilikuwa natoka nje.

Na kengele? Siku karani aliponichukua vidole mkono wangu ulikuwa mgumu kama kuni. "Legeza," akaniambia, "kwani tunapigana?" Kidole cha kwanza, kimya. Cha tano, kimya. Cha kumi, akanipa kitambaa nijifute. Nilitoka nikielewa kila kitu. Niliporudi kutoka Hadado nilikuwa nimekuta chumba cha nyuma hakina gemu hata moja, pamesimama friji kubwa, na nilipomuuliza Eddo ile memori kadi iko wapi, aliniambia, "Hiyo mambo nimemaliza. Kunywa chai." Alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Nikajua amenifutia. Mwanamke yule alichukua ushahidi wangu wote akauangamiza na hakutaka hata kushukuriwa. Tangu hapo kila Idi nilimtumia dera na majani ya chai, hata miaka nisiyokuwa na kitu. Nimefungua redio, pasi, runinga, mashine za kusaga, lakini kontrola sijawahi kuifungua. Wakiniletea nasema sina vipuri. Na simu zilipoanza kusoma kidole cha mtu niliwaambia mafundi wenzangu, mnaona? Mimi nilijua zamani.

Siku ya pili ya msiba Bile akaja. Ana lori la maji sasa, na miwani, na ndevu alizozipaka hina. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Alisoma dua, akavuta kiti cha plastiki karibu na changu, na tukanywa chai ambayo haikuwa ya Eddo, yaani tulikunywa maji yenye rangi. Nikaona nimwambie yeye kwanza, kabla sijawaambia watoto wa marehemu, jinsi mama yao alivyoniokoa. Nikamweleza yote, kadi, friji, sauti ya chini, Idi moja baada ya nyingine. Alinisikiliza ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilipomaliza alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akafuta tena, na nilidhani analia kwa ajili ya Eddo.

"Wewe umekuwa fundi umeme," akasema.

"Wa madarasa ya jioni, lakini fundi."

"Na hujawahi kufungua kontrola."

"Sijawahi."

Akavaa miwani. "Ni plastiki na waya, Abdinoor. Haijui kidole cha mtu. Eddo aliuza zile mashine kwa sababu alitaka friji. Sina binamu Eastleigh. Ile habari niliitunga mimi, pale kwa ndoo, kwa sababu wewe uliingia na hukusema neno. Nilitaka uogope siku mbili, ukae nje na mimi. Sikujua ungefika Hadado."